Mbuzi Niliyemzika Mbuchi

Mhariri wangu wa Dar es Salaam hapendi kuandika. Hutuma ujumbe wa sauti, tena huku anatafuna. Ule uliohusu mswada wangu wa nne niliusikiliza katika ofisi ya walimu, kwenye shule ya Kibiti ninakofundisha historia, simu nimeibana sikioni wenzangu wasisikie.

"Mwalimu, hadithi nzuri," alisema. "Mjerumani wako mzuri, karani wako mzuri. Ila maiti yako hainuki. Mwanamke kakaa siku sita kwenye matope ya mikoko, halafu anatolewa kama katoka saluni." Akacheka, akameza alichokuwa nacho mdomoni, ujumbe ukakatika.

Ninaandika riwaya za uhalifu wa zamani, mauaji ya enzi za wakoloni huku huku delta, wakati boriti za mikoko zikikatwa kwa kibali na kupelekwa Arabuni. Kila kitu nakitafiti. Najua askari alifunga vipi utepe wa mguuni, najua karani alichovya kalamu kwenye wino wa rangi gani. Lakini maiti sikuwa naijua. Nilikuwa nimeshaua watu saba vitabuni, na maishani sijawahi kufunua sanda hata moja. Baba yangu alipofariki nilifika wakati jeneza linatoka mlangoni.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wachunguzi wa nchi za nje huzika nguruwe ili wajue mwili unaozaje. Kwa Mbuchi, kijiji cha Waislamu huko delta nilikokusudia kuzika, nguruwe usingempeleka hata kwa jina. Nikaamua mbuzi. Huko Mahege mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amefiwa na mbuzi jike, kavimba tumbo akafa kabla ya kisu. Kibudu, hakuna wa kumla.

"Mwalimu, unakwenda kumfanyia nini?" aliniuliza, kiroba kakishika bado.

"Somo," nilisema.

Akanipa, akanawa mikono mbele yangu.

Nilipanda bodaboda na kile kiroba kimelala kati yangu na dereva. Jua lilikuwa kali. Kabla hatujafika nusu ya njia dereva alisimama. "Mama, mzigo wako unatoa maji." Nilitazama chini. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yametiririka kwenye dera langu na kuingia ndani ya kiatu. Yalikuwa ya vuguvugu. Nilimwambia aendelee tu, na njia nzima nilipumua kwa mdomo, nikijiambia kwamba hii ndiyo kazi, waandishi wazembe hawafiki huku.

Mbuchi anaishi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ndiye mwosha maiti wa wanawake kijijini pale na vitongoji vya ng'ambo. Nilimdanganya kwamba nakuja kupima matope kwa ajili ya shule. Maji yalipokupwa, nikaingia mikokoni nyuma ya nyumba yake, nikamfunga mbuzi kwa kaniki na kamba ya ukindu, kwa sababu ndivyo mwanamke wa kwenye riwaya yangu alivyofungwa, nikamkandamiza topeni kwa miguu hadi akapotea. Nikarudi Kibiti kufundisha.

Siku ya sita niliporudi, nilikuta watu wamejaa. Akina mama waliokwenda kutafuta kaa walikuwa wameona pembe imetokeza. Wakavuta kaniki, wakakimbia wakipiga kelele. Sasa mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amesimama pembezoni mwa mikoko, kajiziba pua kwa kofia yake, na mama mmoja alikuwa akiuliza kwa sauti, "Anayemzika mbuzi kwa kaniki anamtaka nani afe? Aseme!"

Shangazi alikuwa katikati yao. Alitazama mabuti yangu ya mpira, akatazama daftari lililokuwa mkononi mwangu, akajua.

"Ni wangu," nilisema.

Mwenyekiti akateremsha kofia kidogo. "Mwalimu? Wewe msomi?"

"Ni utafiti wa kitabu."

"Kitabu gani kinazikiwa mbuzi?"

Shangazi ndiye aliyejibu. "Atamtoa mwenyewe, kwa mikono yake, na atamzika pakavu, mbali na watu. Uchawi haumo humu. Humu mna ujinga."

Nikaingia. Nilishika mguu, manyoya yakabaki kiganjani mwangu pamoja na ngozi, mguu wenyewe ukabaki pale pale. Nikashika kaniki. Tumbo lilikuwa limepasuka, na kutoka ndani yake walitoka kaa wadogo, mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano. Mnuko haukunijia puani tu, ulinikaa ulimini. Nilitapika juu ya matope, nikavuta tena, nikatapika tena. Na kati ya tapiko la kwanza na la pili nilijikuta natafuta neno la kuelezea ule mnuko. Neno likaja. Nikafurahi. Wamesimama watu thelathini wananiona mchawi, matapishi yananing'inia kidevuni, nami nimefurahi kwa sababu ya neno. Sijawahi kujichukia upesi namna ile.

Baada ya kumzika, Shangazi alinipa sabuni ya kipande na ndimu nne, akanifungia uani nioge. Nilijisugua hadi ngozi ikawaka. Nilipotoka alikuwa ameketi nyuma ya jiko, anamenya kambamiti, anavunja vichwa na kuvitupa kwenye sufuria iliyotoboka. Inzi walikuwa wameshafika.

"Ulikuwa unataka nini hasa?" aliuliza bila kunitazama.

Nikamweleza yote, riwaya, mhariri, maiti isiyonuka.

"Si ungeuliza? Unaye mwosha nyumbani mwako, unakwenda kuozesha mbuzi." Akavunja kichwa kingine. "Mwosha hasemi alichokiona. Ni aibu ya mtu, ukiiona unaifunika. Lakini nikikwambia moja, utaacha kutuaibisha?"

"Nitaacha, Shangazi."

"Basi sikiliza. Nilimwosha mwanamke aliyekaa siku tano mikokoni. Mtumbwi ulipinduka akitoka shamba la mpunga."

Akaniambia. Ngozi ya mikono ilivyovulika nzima kama soksi, na kucha zake. Kaa wanaanzia wapi na wanaacha nini. Nywele, alisema, zilitoka na maji ya kwanza, akazikusanya zote akazitia sandani, hakuacha hata moja. Alisema tope halitoki. Unamwaga ndoo baada ya ndoo, linaendelea kutoka masikioni, puani, kila pahala. Aliongea polepole huku vidole vinamenya, nami niliandika kurasa tatu bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta, tena bora kuliko mbuzi.

"Alikuwa nani?" niliuliza, kwa kuwa ukurasa ulikuwa umeisha.

"Mdogo wangu. Shangazi yako. Yule aliyekuwa akikusuka."

Nilikuwa shule ya bweni alipofariki. Niliambiwa amezama, basi. Nilifika hitima imeshasomwa, nikapewa pilau. Nakumbuka vidole vyake vikinigawanya nywele, na harufu ya mafuta ya nazi magotini mwake. Mtu mwenye moyo angefunga daftari. Mimi niligeuza ukurasa nikauliza, "Na macho?"

Shangazi aliacha kumenya. Alinitazama kama mtu aliyeona kitu kwenye chakula chake. Kisha akanijibu. Nami nikaandika.

Mchana ule alipika wale kamba kwa tui. Nilishindwa hata kukaa karibu na sinia. Yeye alikula akamaliza.

Niliandika sura upya kwa siku nne. Mhariri alituma ujumbe wa sauti, safari hii hatafuni. "Mwalimu, hii sasa inanuka! Nimeshindwa kumaliza chapati." Akasema amewasomea wenzake ofisini, na nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akisema "uuwii" na wengine wakicheka. Walikuwa wakiicheka mikono ya shangazi yangu mdogo. Niliufuta ule ujumbe. Kisha, na hili linanitia kichefuchefu hadi leo, nikamwandikia ahsante.

Shule zilipofungwa nilikwenda Mbuchi. Shangazi hasomi herufi za kizungu, anasoma msahafu tu. Alinitaka nimsomee mswada. Nilisoma asubuhi mbili mfululizo, na alipenda, hasa karani mwizi wa boriti, alimtukana kila alipotokea. Nilipofika penye matope nikapunguza maneno, nikaruka aya nzima.

"Umeruka," alisema.

"Kidogo tu."

"Rudi. Soma kama ulivyoandika."

Nikarudi. Nilisoma ngozi, nikasoma nywele, nikasoma macho. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma hati ya mashtaka yake mwenyewe. Nilipomaliza, Shangazi aligeuka pembeni akatema mate, akayafukia kwa wayo.

"Haya. Akishapatikana huyo mwanamke, kinafuata nini?"

"Mpelelezi anakwenda kumhoji karani."

"Nani alimwosha?"

Nilipekua kurasa kana kwamba jibu lingekuwemo. "Haimo, Shangazi."

"Kwa hiyo bado yuko pale pale topeni?"

Nilirudi Kibiti nikavitoa vitabu vyangu vyote vitatu kabatini. Maiti zangu hakuna hata moja iliyooshwa. Hakuna iliyozikwa. Mmoja nilimwacha ghalani tangu sura ya pili, kitabu kizima watu wanaingia na kutoka ghala lile wakitafuta alama za viatu. Mwingine, mtoto wa mpishi, sikumpa hata jina. Nilikuwa nimewatumia kama mtu anavyotumia mfuko wa plastiki.

Wiki ile ile Shangazi akanipigia simu. Bibi mmoja amefariki Mbuchi baada ya ugonjwa mrefu, na mama anayemsaidia kuosha yuko Dimani kwenye harusi. "Njoo unimiminie maji," alisema. "Hilo daftari liache."

Nilikwenda. Chumba kilikuwa kidogo, kimefungwa kwa shuka pande zote, chetezo kinafuka kwenye kona. Bibi alikuwa mwepesi mno, kafunikwa tangu kitovuni hadi magotini, na Shangazi alikuwa akimsemesha kwa sauti ya chini, "Nakugeuza mama, nakugeuza." Nilishika kata, nikamimina anapoonesha. Nilidhani nitaweza. Kisha Shangazi akamkalisha kidogo, akamminya tumbo taratibu kama inavyotakiwa ili kilichobaki kitoke, na kilitoka, na harufu ikapanda juu ya udi. Kata ikaniponyoka. Nilitoka mbio nikatapika nyuma ya choo, mbele ya kuku.

Jirani mmoja aliingia badala yangu. Sikuitwa tena. Nilikaa nje nikisikia maji yakimwagwa na sauti ya Shangazi ikiendelea vile vile, nakugeuza mama. Kurasa tatu za uozo niliziandika bila kupepesa, na kata ya maji kwa bibi wa watu imenishinda. Shangazi alipotoka hakunigombeza. Aliniambia tu nikafue shuka, nami nikafua.

Sura niliyoiongeza ni fupi. Wanawake wawili, chumba, maji. Mwili wenyewe sikuueleza, nimeeleza wanavyoukinga usionekane. Mhariri hakuipenda. "Hapa hadithi inasimama. Toa."

"Sitoi."

"Wasomaji wataruka."

"Waruke."

Tulivutana wiki mbili. Akasema kitabu kitachelewa, nikasema kichelewe. Mwisho akaiacha sura, ila aliipunguza nusu ukurasa, na sikugundua hadi kilipotoka.

Kitabu kinasomwa. Mwalimu mwenzangu wa fizikia, mtu wa Mbeya, alinisimamisha kwenye korido. "Ile ya matope, mwalimu, kiboko! Umeitoa wapi?" Nilisema utafiti. Wengi huuliza hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia sura ya chumba, na sikuwauliza.

Nilimpelekea Shangazi nakala, nikamsomea ile sura tukiwa uani kwake, yeye anapepeta mchele. Alisikiliza hadi mwisho na ungo umetulia magotini.

"Maji matupu?" aliuliza.

"Vipi?"

"Maji ya kwanza hutiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa. Hukuyatia."

"Kitabu kimeshapigwa chapa, Shangazi."

"Hicho ulichoshika hakiandikiki?"

Nikatoa kalamu. Pembezoni mwa ukurasa, kwa mwandiko wa kubanana, niliandika majani ya mkunazi. Aliniuliza nimeandika wapi, nikamwonesha kwa kidole, akaendelea kupepeta.