Sululu Walipotua Matrah

Nilikuwa bado mtoto wa kushikwa mkono mwaka ule wa mapinduzi tulipohama Unguja kuja Matrah, huku kaskazini ng'ambo ya bahari, Baba akabaki nyuma. Salamu zilitufikia kwamba amepata meli, kisha kimya. Mama aliacha kula, na mimi nilijifunza kutouliza.

Bibi, mzaa baba, alikuwa na elimu yake. Kwao Unguja, sululu, wale ndege wa pwani wenye midomo mirefu iliyopinda, waliangaliwa kila walipowasili. Wakitua mbele ya nyumba ya msafiri, msafiri amesalimika. Wakipita moja kwa moja, basi tena. Na ole wake atakayewatisha.

Asubuhi moja, majira ya joto yalipoanza kuisha, tuliwasikia. Bibi alitutoa mbio hadi ufukoni, akanikalisha mchangani, akanionya nisiwanyooshee kidole. Kundi lilishuka, likainuka, likazunguka tena. Mama alinibana mkono mpaka ukauma. Mara wakapita mabata bukini, juu sana, wakipiga kelele.

"Na hao, Mama?" Mama alimuuliza mkwewe kwa sauti ndogo.

"Hao siwajui. Kwetu hawafiki. We waangalie sululu."

Sululu wakatua. Wote, mbele yetu, wakaanza kuchokoa tope. Bibi alilia kwa furaha. Mama alirudi nyumbani akaifukiza udi kanzu ya Baba, akapika, akala pamoja nasi. Sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Kesho yake ufuko ulikuwa mtupu. Jirani yetu, mwenyeji wa Matrah, alitushangaa: hawa hupumzika tu hapa, alisema, kisha huendelea kusini. Bibi alikaa chini palepale. Unguja, sululu aliyetua alikuwa amefika. Hapa alikuwa bado njiani. Bibi alikuwa ameisoma dalili ya nchi nyengine.

"Wanakwenda aliko," alimwambia Mama. "Mwanangu hakutoka kule. Nnakwambia, usimngoje kwa ajili yangu."

Mama alimngoja vilevile. Baba hakuja.

Sasa nakaa mtaa wa Khuwair ya Kusini, si mbali na Matrah, na wajukuu huniuliza kama nayaamini mambo ya sululu. Siyaamini. Lakini kila wanapopita nawaonea wivu, mtu mzima mimi. Wao wanafika kwetu Unguja bila kumwomba mtu ruhusa, na Mama amekufa hajui hata kaburi la mumewe liko wapi.