Hodi ya Sikukuu

Jirani yetu hapa Same haangalii televisheni bila ungo mapajani. Anachambua maharage kwa vidole tu; kijiwe kikipatikana kinadondoshwa kwenye kikombe cha bati, ti, na macho yake hayabanduki kwenye vichekesho vya mwanawe. Yeye mwenyewe hacheki. Sisi tukivunjika mbavu, yeye husema, "Amekonda huyu," au, "Shati gani hilo?" Kisha, ti, kijiwe kingine.

Krismasi hii alipita nyumba kwa nyumba kutuita. Mwanawe tulimzika Novemba, juu kule Bombo, baada ya basi alilokuwa akija nalo likizo kupinduka karibu na Hedaru. Kipindi cha sikukuu walikuwa wameshakirekodi.

"Shikamoo, mama," tukasema, tukiingia kama watu wa msibani.

"Marahaba. Kaeni. Na mcheke, ndiyo kazi yake."

Tukajitahidi. Kwenye kichekesho, familia imepakua pilau, mara mgeni anabisha. Wachoyo wale wanazima taa na kujibanza chini ya meza na sinia lao. Mgeni ni yeye, na begi begani.

"Hodi! Jamani, nimefika!"

Hakuna anayefungua. Anagonga tena, na watazamaji wa kwenye televisheni wanaangua kicheko. Nikasubiri kijiwe kilie, hakikulia. Nilipogeuka, ungo ulikuwa chini, maharage yametapakaa sakafuni, na mama wa watu amesimama mbele ya kioo cha televisheni, anawatazama wale waliojificha.

"Mfungulieni," akasema. "Si mnamsikia? Mfungulieni."