Padri Wetu wa Pale kwenye Robot

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, mama yangu mkubwa alikuwa anauza maparachichi kwenye kibustani kimoja katikati ya Johannesburg, karibu na robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, na hapo kwenye kibustani palikuwa na sanamu ya mzungu. Ndevu hadi kifuani, koti refu hadi miguuni, kitabu mkononi. Kibao cha jina kilishang'olewa na watu wa vyuma chakavu. Basi mama mkubwa na wenzake, Warundi na Wakongo, Wakatoliki wa kufa na kupona, wakamtazama mara moja tu wakakata shauri: huyu ni padri. Nani mwingine avae hivyo? Kwetu Burundi mapadri wa kwanza wako vilevile kwenye picha za parokia, ndevu na kanzu, wamekaza macho.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kupanga biashara, walimfuta vumbi, wakamwekea maua, wakasali fungu moja la rozari. Mwenye mtoto mgonjwa alimwomba. Mwenye faili lililokwama ofisi ya wakimbizi alimwomba. Mimi nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, lakini eish, karatasi zangu zilipotoka nilimpelekea waridi mwenyewe!

Jumamosi moja akaja bibi wa kizungu, mkongojo mkono mmoja, maua mkono wa pili. Alipoyaona maua yetu akasimama, machozi yakamtoka palepale, akaweka maua yake chini, akanishika mkono hataki kuniachia. Mwenye Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo yote yalipitia kwangu. Huyu, akasema, ni baba wa babu yake. Alikuwa mkubwa katika siasa za karne ya kumi na tisa, hata mitaa iliitwa kwa jina lake. Sasa mitaa imebadilishwa majina, ndugu zake wamekufa, wanawe wako ng'ambo na hawataki kusikia habari hizo. Yeye mwenyewe wiki ijayo anahamia nyumba ya wazee, mbali. Alikuja kuaga, akijua kwamba baada yake hakuna atakayemkumbuka mzee.

"Kumbe ninyi mnamkumbuka!" akasema.

Jamani, furaha niliyoipata! Hatimaye mtu anayemjua padri wetu! Kwamba padri hana vitukuu wala hafanyi siasa, hilo halikunijia kabisa. Nikamwita mama mkubwa kwa sauti hadi madereva wa teksi wakageuka. Akaja mbio, akaanza kumsimulia bibi jinsi mzee wake alivyotembea kwa miguu nchi nzima, akajenga shule, akatibu watoto. Aliyatoa wapi? Kichwani mwake! Nami nikatafsiri kwa mbwembwe zote.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia taratibu, "Hakujenga shule hata moja. Alitunga sheria za kuwafukuza watu weusi kwenye ardhi yao. Tafadhali, usimwambie."

Nikapandwa na hasira. Nisimwambie? Mwanamke aliyempigia magoti mtu huyo kila wiki? Mimi na kunyamaza hatuivi chungu kimoja. Nikasema yote, kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili ili Wakongo nao wasikie. Bibi akaelewa kwa kutazama nyuso zetu tu. Akainama kuokota maua yake aende zake.

Mama mkubwa akamzuia. "Ngoja, mama." Akafikiri, akiuma mdomo, nikauona uso wake unachangamka. "Mwambie tumekosea," akaniambia. "Tulikuwa tunamwomba atuombee. Kumbe ni yeye anayetuhitaji sisi! Mtu wa hivyo, miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja anayemwombea?" Akawapungia wenzake waache mabeseni yao. "Muulize jina lake nani. Hatuwezi kumpeleka marehemu mbele ya Mungu bila jina."

Nikatafsiri. Bibi akakaa juu ya kreti, akalitaja. Tukalirudia kwa pamoja, vibaya. Akaturekebisha, tukalirudia tena, hadi akaitikia kwa kichwa. Kisha mama mkubwa akapiga magoti kwenye nyasi, akaanza.