Nilisema mabehewa ni ya marehemu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana ukoo mzima wa mume wangu uko humu kwenye simu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mkulima wa mahindi na maharage huku Mbulu, upande wa Maretadu. Nina mume na mabinti wawili walioolewa. Mtoto wa kiume nilikuwa naye mmoja.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mabehewa ya mizigo huko Tabora mpaka akastaafu. Wenzake walirudi makwao na mabati. Wangu alirudi na sanduku lenye treni ndogo, kichwa kimoja na mabehewa manne, kila moja refu kama kiganja changu, aliyoachiwa na mtaalamu wa kigeni waliyefanya naye kazi. Mengine aliyatafuta mwenyewe kwenye mitumba ya Arusha, mojamoja, mpaka yakafika tisa. Kulikuwa na la mafuta, la mifugo, la magogo na ya wazi ya kubebea nafaka. Ya abiria hakuyataka. Alisema abiria wana maneno mengi, mzigo hausumbui mtu.

Alipanga reli juu ya meza ndefu stoo, katikati ya magunia. Mwisho mmoja wa meza akauita Maretadu, mwingine Katesh. Mwanangu ndiye aliyemfungia betri ya sola ili itembee. Alikuwa fundi simu Katesh, amepanga chumba Jorodom, hapohapo Katesh chini ya mlima. Akija nyumbani, baba yake anapakia maharage Maretadu, yeye anayapakua Katesh kwa vidole viwili, wanaume wazima na ndevu zao. Nilikuwa nawasema sana. Nawaambia ng'ombe hawajanywa maji na wao wanasafirisha maharage yasiyojaza hata kikombe. Wanacheka tu. Leo ningetoa chochote niwasikie.

Matope ya mlimani yaliposhuka Jorodom, yalimchukua mwanangu. Tulimpata siku ya tatu, tukamleta nyumbani kumzika. Hapo mnisamehe, siwezi kueleza zaidi.

Mume wangu hakulia. Ila kila jioni akishafunga ng'ombe alikwenda stoo, na stoo yetu imepakana na jiko. Naisikia treni inakwenda, inasimama, kisha inarudi. Siku moja nikachungulia mlangoni. Alikuwa amepakia maharage, akayapeleka mpaka Katesh, akasubiri kidogo, yakarudi yaleyale. Hakukuwa na wa kuyapakua. Nilirudi jikoni nikakaa chini, ugali ukaungua. Kuanzia hapo ule mlio niliuchukia. Niliona mume wangu atapata wazimu, na mimi sitapona kamwe nikiendelea kuusikia.

Ikafika siku ya kumaliza msiba, siku ya kugawa vitu vya marehemu. Kwetu kila ndugu hupewa kitu akivae au akitunze, na kikishatoka hakirudi. Kukirudisha ni kama kuuita msiba uje tena. Halafu baba wa marehemu haongei kabisa. Anakaa na wazee, anaangalia vitu vya mwanawe vinavyopita. Aliyegawa ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alipokuwa anakusanya vitu akaliona lile sanduku, akanifuata kuniuliza.

"Wifi, haya mabehewa ni ya nani?"

"Ni ya mtoto," nikamjibu.

Nilijua ninachosema. Sikuchanganyikiwa kwa msiba kama nilivyojidanganya baadaye. Nilitaka yaondoke. Mabehewa yote tisa yaligawiwa mbele ya macho ya mume wangu, mengine yakaenda Dongobesh, mengine Katesh, na yeye hakufungua mdomo kwa sababu mila haimruhusu. Kilibaki kichwa peke yake, kwa kuwa siku ile kilikuwa mezani.

Ndugu zangu, nilifikiri ataacha. Hakuacha. Anapeleka kichwa kitupu Katesh, anakirudisha.

Kibaya zaidi, anaamini ni dada yake aliyekosea. Tangu siku ile hampi shikamoo. Yule mama amemlea mgongoni, akija kutusalimia mume wangu anainuka anakwenda zizini. Wifi anakunywa chai na mimi, anafuta macho, anaondoka. Na mimi namsindikiza mpaka barabarani kama mtu mwema.

Jumamosi iliyopita wifi alikuja amebeba kitu kwenye kitenge. Lilikuwa behewa la mifugo, fungu lake yeye. Akaliweka mezani kule stoo mbele ya mume wangu, amevunja mila mwenyewe na umri wake wote ule.

"Mdogo wangu, kama nilikosea nisamehe," alisema. "Niliuliza, nikaambiwa ni ya mtoto."

Mume wangu akamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya kugawa. "Uliambiwa na nani?"

Wifi aliniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Aliniangalia mpaka nikaona anajua kila kitu.

"Msiba ulikuwa na watu wengi," akasema. "Sikumbuki."

Na mimi nikaenda kubandika chai.

Mabehewa manane bado yako kwa watu. Hayawezi kurudi mpaka nisimame mbele ya ukoo niseme hayakuwa ya marehemu, kwamba nilidanganya siku ya kumaliza msiba wa mwanangu. Mume wangu atajua ni mimi niliyemnyang'anya mahali pekee alipokuwa anakaa na mtoto wake. Anaweza asinisamehe, na sina mwingine nyumba hii. Nikinyamaza, wifi ataendelea kubeba kosa langu, na ni mzee tayari.

Nawaandikia nikiwa jikoni. Ng'ombe wameshafungwa, na huko stoo kile kichwa kimeondoka na behewa moja, maharage ndani. Sasa kimesimama Katesh. Nishaurini, nikamwambie sasa hivi, au nifanye nini?