Mama Mkwe Kwenye Ngazi ya Mwamba

Mwamba wa Tororo unaonekana kutoka kila upande. Ukiwa Iyolwa kwetu unalima, ukinyoosha mgongo unauona. Ukiwa Malaba kwenye foleni ya malori unauona. Kwa hiyo watu wa hapa hatuna haraka ya kuupanda. Wanaoupanda ni wageni, na mgeni anahitaji mtu wa kumtangulia. Mtu huyo ni mimi.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya miguu, si mdomo. Wenzangu wanaoongoza wageni huongea kama redio. Mimi nikifika juu nanyoosha mkono upande wa mashariki na kusema, "Ile Kenya." Kisha naonyesha chini na kusema, "Hii Uganda." Kisha nakaa. Mgeni mmoja alisubiri kwa muda mrefu, akaniuliza kama kuna lingine. Nilifikiri, nikamwambia, "Kuna upepo."

Mkubwa wetu alijaribu kunisaidia. Alisema mgeni akiuliza kama kwao kunaonekana kutoka juu, nimjibu kwamba kunaonekana. "Nyoosha kidole tu. Ataona mwenyewe." Wenzangu walikuwa wameshawaonyesha watu Kampala na Kisumu, na kuna mmoja aliyeonyeshwa Mombasa, akapiga picha.

Wakati huo nilikuwa na mchumba kutoka Lunyo, upande wa Busia, ambaye alileta samaki wakavu kuuza sokoni Tororo. Mimi naongea Kidhopadhola, yeye anaongea Kisamia. Tulipendana kwa Kiswahili cha sokoni, na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno machache, Kiswahili hicho kilitutosha. Baba yake alikubali tupeleke wazee wetu kwa utambulisho, waje kuposa. Mama yake hakukubali, na hakukataa.

"Mama amesikia wewe huongei," mchumba wangu aliniambia. "Anasema mtu haongei, ako na kitu anaficha."

"Mimi sifichi kitu."

"Nimemwambia. Akauliza, mbona yeye mwenyewe hajasema?"

Ningesemaje? Kwetu na kwao lugha ni tofauti, lakini jambo moja tunafanana. Mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana wanampitishia mtu mwingine. Nakiri desturi hii ilinifurahisha sana. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye kunyamaza mbele yake ni adabu. Na huyo ndiye aliyetaka niongee.

Basi Jumamosi moja mkubwa alinipa kundi la akina mama wa kanisa kutoka Busia. Walitaka kupanda mwamba, kuomba juu yake, kuona ziwa na kurudi. Walishuka kwenye gari wakiimba, wamevaa magauni ya gomesi ya rangi zote, mabega yamesimama, mishipi inang'aa. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la tatu.

Nilikuwa nawasalimu chini chini, nikiangalia viatu vyao, nilipoinua macho nikaona uso ambao nilikuwa nimeuona mara nyingi kwenye simu ya mchumba wangu. Naye aliniona. Nadhani na mimi nilikuwa kwenye simu hiyo.

Sikufikiri. Niliruka nyuma ya kichaka. Yeye alifungua mwavuli, ingawa hapakuwa na jua wala mvua, akajifunika mpaka kifuani.

Wimbo ukakatika. Mahali pengine watu wangeuliza kuna nini. Hawa walikuwa wanawake wa Kisamia; walitazama kichaka, wakatazama mwavuli, wakaelewa.

"Eh!" mwenyekiti alisema. "Mama, mkwe wako huyu? Na sisi hatujakula hata kuku?"

"Sina mkwe," mwavuli ulijibu.

"Basi mbona umejifunika?"

"Yeye mbona amejificha? Nani amempa mtoto wangu?"

Hapo ndipo nilipoona shimo nililoingia. Kama ningebaki nimesimama, ningekuwa kijana asiye na adabu. Nimejificha, na sasa nilikuwa kijana aliyejifanya mkwe kabla ya kupewa mke. Nilitamani kukaa kwenye kichaka kile mpaka kundi lirudi Busia, lakini mwongozaji alikuwa mmoja, na tayari akina mama wengine walikuwa wanacheka wakishikana mabega.

Mwenyekiti alipanga safari. Mimi nitatangulia mbali. Mama mkwe, ambaye si mama mkwe, atakuwa wa mwisho. Wengine wote watakuwa katikati kama ukuta. Mpango huu ulikwenda vizuri kwenye msitu wa chini. Nilitembea bila kugeuka, na nyuma yangu niliwasikia wakinijadili kwa Kiswahili, makusudi nisikie.

"Miguu yake mizuri."

"Miguu si kitu. Anaongea?"

"Muulize kichaka."

Tatizo lilianza kwenye ngazi. Sehemu ya juu ya mwamba ni jiwe tupu lililosimama, na unapanda kwa ngazi za chuma. Wanaume wengine wakiziangalia hukumbuka wana kazi nyumbani. Akina mama walipanda mmoja mmoja, gomesi zimekusanywa mkononi, wakimwita Yesu kwenye kila chuma. Mimi nilikuwa juu nimegeukia Kenya, kwa sababu kuangalia chini wakati wanawake wa umri wa mama yangu wanapanda si kazi ya mtu mwenye akili.

Wote walifika isipokuwa mmoja.

"Amekwama!" mtu alisema. "Katikati! Amefumba macho!"

Akina mama walijipanga ukingoni, wakaanza kumsaidia wote kwa pamoja.

"Panda!"

"Rudi chini pole pole!"

"Usiangalie chini!"

"Vua viatu!"

"Nivue na mkono gani?" sauti ilitoka chini, nyembamba kuliko ile ya kwenye mwavuli. Upepo ulipiga, na nikasikia gomesi ikipepea kama bendera.

"Kijana," mwenyekiti aliniambia, "nenda mshike mkono."

Kisha akasikia mwenyewe alichosema, akaziba mdomo. Kumshika mkono! Na siwezi kusimama chini yake, Mungu nisamehe, na siwezi kuinama juu yake uso kwa uso. Kilichobaki ni kile ambacho siku zote sikukiweza: kuongea. Nilikaa chini mgongo ukiwa upande wa ngazi, macho Kenya, nikasafisha koo.

"Mwenyekiti," nilisema, "mwambie mgeni ya kwenye ngazi, ngazi imefungwa kwa jiwe. Haitoki."

"Anasema haitoki!" mwenyekiti alipaza sauti.

"Mwambie nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Anasema yeye si kiziwi!"

"Mwambie alete mguu wa kulia kidogo."

"Mguu wa kulia!"

Kisha chuma kililia kidogo.

"Mwambie sasa asimame, apumzike. Na mimi nitamwambia vitu viko hapa." Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimweleza malori ya Malaba yaliyopangana kama siafu. Nilimweleza kiwanda cha saruji na vumbi lake jeupe, minara ya simu iliyo nyuma yangu, Mlima Elgon uliojifunga wingu kiunoni. Nilimwambia upande wa kusini, mbali sana, kuna kitu kinang'aa kama bati, na hilo ndilo ziwa. Katikati ya maneno niliingiza mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Mwenyekiti alirudia kila neno, mpaka Elgon.

Sauti ilikuwa imekaribia ilipouliza, "Muulize, anaona nyumba yangu? Ya Lunyo. Ina paa nyekundu."

Mwenyekiti alinigeukia. Akina mama wote wakanigeukia. Nilikumbuka somo la mkubwa: nyoosha kidole tu. Nilinyoosha shingo badala yake, nikatazama sana upande ule, kwa sababu kweli nilitaka kuiona. Msichana wangu alikuwa ndani yake.

"Mwambie siioni," nilisema. "Ni mbali. Naona ukungu tu."

"Anasema haioni! Ni ukungu!"

Nilisikia chuma kikilia mara moja.

"Vizuri," mama alisema. "Shemeji yangu alipanda hapa mwaka jana, wakamwonyesha mpaka kuku wangu." Na chuma kikaanza kulia haraka haraka, mpaka nikasikia akina mama wakipiga vigelegele, nami nikakimbilia nyuma ya mnara.

Waliomba wakiwa wameshikana mikono. Zamu ya mama mkwe ilipofika, alimshukuru Mungu kwa jiwe, kwa chuma na kwa waliofunga chuma kwenye jiwe. Kisha akasema, "Na Bwana, kama kuna kijana ako na ulimi, umkumbushe autumie pia sokoni, si kwa mawe peke yake."

"Amina," nilisema nyuma ya mnara.

Akina mama walicheka mpaka sala ikaharibika, ikabidi waanze upya.

Kushuka nilitangulia mbio. Walipofika chini, kichaka changu kilikuwa kinanisubiri. Niliona mwavuli ukipita, umefungwa mara hii, lakini uso umegeuzwa upande mwingine kwa adabu kamili.

Jioni mchumba wangu alipiga simu.

"Umefanyia mama nini? Amerudi anasema wazee wenu waje mwezi ujao. Anaeleza kila mtu Kenya vile iko. Halafu anasema, anafurahi, nyumba yetu haionekani."

Nyuma yake nilisikia sauti ya kuita watu kutoka shamba la tatu, ikiuliza kuku ni wa lini.