Watatu, na Mmoja Anakohoa

Jumamosi sokoni Ruiri nilikuta wanaume wamepanga laini nje ya hema. Nikauliza kuna nini.

"Wanapima bure," mmoja akanong'ona.

Nikajua ni daktari wa mifugo, na mbuzi wangu niliyekuwa naye alikuwa anakohoa. Nilishangaa mbona wenzangu hawana mbuzi, lakini nikajiona mimi ndiye mwerevu. Zamu yangu ilipofika nikamfunga nje, nikaingia.

Msichana wa koti jeupe akaniuliza kwa heshima, "Mzee, uko na mmoja ama wengi?"

"Watatu, na mmoja anakohoa."

Akatazama chini. "Na kinga je?"

"Daktari huja nyumbani kuwadunga wote."

"Mama wa nyumbani anajua?"

"Yeye ndiye huwalisha."

Kalamu ikamponyoka. "Huyo anayekohoa yuko wapi?"

"Nimemfunga hapo nje."

Alitoka mbio. Niliposikia laini nzima ikicheka ndipo nikaelewa. Kilikuwa kile kipimo cha ukimwi ambacho mke wangu amenisihi mwaka mzima twende pamoja, nami nikisingizia kazi ya mbuzi.

Msichana alirudi akipangusa machozi, akavuta kiti. "Leta kidole, mzee. Na huyo anayewalisha, utakuja naye lini?"