Siku Tisa za Bwana Kamilisha

Jina la utani la Kamilisha alilipata masjala, na alilistahili. Miaka thelathini na minne aliyokaa pale, karatasi haikutoka mikononi mwake mpaka kila ukurasa uwe na namba na kiambatisho cha mwisho kiwe mahali pake. Ukileta barua bila kopi ya kitambulisho, alikurudishia na kukwambia, "Kamilisha kwanza." Hata ulie machozi ya damu. Wakubwa walimsifu, wananchi walimlaani, naye akastaafu kifua mbele.

Sasa sikiliza kituko chake. Wiki aliyostaafu, ofisi ya bima ya afya ya serikali ilimpa fomu. Kadi ya mfanyakazi inakufa, wakamwambia. Ukitaka ya mstaafu, wewe na mkeo, rudisha fomu hii ndani ya siku tisini. Akaisoma mara tatu, akaijaza kwa wino mweusi, akaitia kwenye faili jipya la kijani. Kilichobaki ni cheti cha ndoa tu. Walikuwa nacho, ila kilikuwa na doa la maji pembeni. Mtu mwingine angekipiga kopi, maisha yakaendelea. Kamilisha? Thubutu! Aliomba kipya kisicho na doa, akakaa kukisubiri, na faili likakaa kabatini.

Na nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Mkewe alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazimika mwaka juzi, na la kulia lilipangiwa upasuaji. "Hili halingoji," daktari aliwaambia. "Kitakachopotea hakirudi." Kila mama alipouliza habari za kadi, mumewe alimjibu, "Linashughulikiwa." Mama akatulia, maana alijua ameolewa na mtu wa ofisi.

Cheti kikatoka. Asubuhi hiyohiyo wakaenda pamoja, mzee amenyoosha suti, faili kwapani.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," binti wa dirishani akawaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kila kitu kimo humo, hutapata kasoro."

Binti akafunua, akatazama tarehe ya kustaafu, akatazama kalenda ukutani, akahesabu kwa vidole chini ya meza. Akarudia kuhesabu. "Mzee, leo ni siku ya tisini na tisa."

"Sawa."

"Muda wako ulikwisha siku tisa zilizopita."

"Ulikwishaje?" Mzee alicheka, kicheko cha mtu anayemwonea huruma karani mgeni. "Tazama juu ya jalada hapo. Faili limefunguliwa siku ya nne."

Kwa masjala aliyoijua yeye, faili lilihesabiwa tangu siku lilipofunguliwa. Likae mwaka, likae miwili, tarehe ni ileile. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba kuna ofisi duniani inayohesabu vingine.

"Ulilifungulia wapi, mzee?" binti akauliza taratibu.

"Nyumbani."

Nyuma yao mtu kwenye foleni aliangua kicheko. Binti hakucheka. "Anayechelewa anasubiri miezi sita ndipo kadi ianze kufanya kazi," alisema. "Kwani ulikuwa unasubiri nini?"

"Cheti cha ndoa. Cha kwetu kina doa."

Binti akabonyeza kompyuta yake, kisha akaigeuza waione. Loo! Kilikuwa hapo, cheti chao wenyewe, na doa lake pembeni. "Mama yumo humu tangu kadi yenu ya kwanza," binti alisema. "Hatukuhitaji kingine, mzee wangu. Ungeleta fomu peke yake, tungeipokea."

Mzee alikishika kile cheti kipya, akakitazama, akakiweka, akakishika tena.

Mkewe akamgeukia. "Fomu ilikuwa nyumbani siku zote hizi?"

"Ilikuwa kabatini, mama."

"Uliniambia linashughulikiwa."

"Nilikuwa nalishughulikia mimi."

"Yesu na Maria!" yule aliyecheka akasema, na sasa hakuwa akicheka.

"Nina jicho moja, baba watoto," mama alisema. "Moja! Nawe ukanijibu kama mtu aliyekuja dirishani kwako kuulizia kiwanja?"

Mzee alitaka ardhi ipasuke immeze. "Nitaandika barua ya rufaa," alisema. "Twende nyumbani, niandike rasimu, niipange vizuri, halafu keshokutwa..."

"Nyumbani!" Mama alimpokonya faili. Akapapasa karatasi moja moja, akizisogeza karibu na jicho, mpaka ya mwisho kabisa. Hiyo ilikuwa barua ya daktari, yenye kibali cha upasuaji. Aliichomoa, akauliza mlango wa mkuu wa ofisi ni upi. Mumewe akainuka amfuate. "Kaa hapo," akamwambia, na mzee akakaa.

Robo saa nzima alikaa, roho mkononi. Mara wakatoka wote wawili, mkuu wa ofisi ameshika barua. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani.

"Kibali hiki kilitolewa kabla hujastaafu," alimwambia mzee. "Mgonjwa aliyekwisha kuidhinishwa hakatizwi matibabu. Mama atapasuliwa tarehe yake ileile, na kadi yake inaendelea. Barua hii peke yake ilitosha. Kwa nini hukuileta siku ya kwanza?"

"Haikuwa kwenye orodha ya viambatisho," mzee alisema.

Yule mama alivua miwani, akamtazama, akaivaa tena. "Kadi yako wewe," alisema, "itasubiri miezi sita."

Mzee alilia. Alilia kwa furaha na kwa aibu, mbele ya foleni nzima, wala hakuficha uso. Kisha akafuta machozi, akapanga karatasi zilizotawanyika, akamkimbilia mkewe aliyekwisha kufika mlangoni.

Ngazi za ofisi ile zilikuwa nyingi na kali. Alimnyooshea mkono amshike, kama siku zote.

"Na mimi nikiugua katika miezi hiyo sita?" aliuliza.

"Usiugue," mkewe akasema, akashika chuma cha ngazi, akashuka peke yake.